Full Metal Jacket: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya makuruta

Wengi huitazama filamu hii mara moja, wakaikariri nusu ya kwanza, kisha wakabaki na maswali yale yale kuhusu nusu ya pili. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu, maana hakuna filamu ya vita niliyoirudia mara nyingi kama hii. Tahadhari moja: majibu yanakwenda mpaka mwisho wa kisa. Kama hujaiona na hutaki kujua nani anakufa, itazame kwanza, ni dakika 116 tu, halafu urudi.

Kwa kifupi, inahusu nini?

Vijana wa Kimarekani wanapelekwa kambi ya makuruta ya Parris Island, jimbo la South Carolina, wakati wa vita vya Vietnam. Wanataka kuwa askari wa Marine, kile kikosi cha nchi kavu kinachofanya kazi bega kwa bega na jeshi la majini. Kwa wiki nane wako mikononi mwa sajini mmoja, Hartman. Wawili tunawafuata kwa karibu: Joker, mwerevu mwenye mdomo mwepesi, na Pyle, kijana mnene, mzito wa kuelewa, ambaye kila kitu kinamshinda. Kambi inaishia kwenye mauaji, chooni, usiku wa manane.

Kisha ghafla tuko Da Nang. Joker sasa ni mwandishi wa habari wa jeshi. Mashambulizi ya Tet ya 1968 yanampeleka mji wa Hue, na huko anakutana tena na Cowboy, rafiki yake wa kambini, ambaye kikosi chake kinakuja kunaswa na mdunguaji mmoja tu. Muongozaji ni Stanley Kubrick, na filamu ilitoka Marekani Juni 1987.

Jina la filamu lina maana gani?

Ni aina ya risasi. Kiini chake ni madini ya risasi, yale yale yaliyoipa risasi jina lake kwa Kiswahili, na juu yake imevikwa ganda gumu la shaba au aloi ya shaba. Ganda hilo huzuia kiini kisipondeke na kupanuka ndani ya mwili. Majeshi hutumia risasi za namna hii kwa sababu mbili: hazikwami ovyo katika bunduki zinazofyatua haraka, na Tamko la Hague la 1899 lilipiga marufuku risasi zinazopanuka mwilini.

Maneno yenyewe yanatamkwa na Pyle. Ameketi chooni usiku, anajaza magazini, Joker anamuuliza kama hizo ni risasi za kweli, naye anazitaja kwa jina lake kamili, kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani. Kwa hiyo jina la filamu ni somo alilofundishwa, na pale ndipo anapoonyesha kwamba limemwingia.

Ni kisa cha kweli?

Ni riwaya iliyotokana na maisha ya kweli. Gustav Hasford alikuwa mwandishi wa habari wa Marine huko Vietnam, akarudi, akaandika riwaya iliyochapishwa 1979. Skripti waliiandika watu watatu: Kubrick, Hasford mwenyewe, na Michael Herr, mwanahabari aliyeripoti vita hivyo akiwa huko huko na kuviandikia kitabu kilichotoka 1977. Ndiyo sababu mazungumzo ya askari kwenye filamu hayasikiki kama ya kubuni mezani.

Wahusika ni wa kubuni. Mahali, vita na kambi ni vya kweli. Tofauti kubwa kati ya riwaya na filamu iko kwenye kifo cha Cowboy: katika riwaya, Joker ndiye anayemuua rafiki yake, ili wenzake wasiendelee kumfuata mmoja mmoja kwenye mtego wa mdunguaji. Kubrick aliliacha hilo, akampa Joker mauaji mengine ya karibu zaidi, nami naona alifanya vyema, kama nitakavyoeleza chini.

Aliyeigiza sajini Hartman alikuwa askari kweli?

Ndiyo. R. Lee Ermey alikuwa mkufunzi wa makuruta wa Marine katikati ya miaka ya 1960, kisha akatumikia Vietnam. Akastaafu kwa sababu za kiafya na kuingia kwenye filamu, na mwaka 1978 alikuwa tayari ameigiza mkufunzi wa aina hii katika filamu nyingine.

Hapa hakuajiriwa kuigiza. Aliajiriwa kama mshauri wa mambo ya kijeshi, na nafasi ya Hartman alikuwa amepewa mwigizaji mwingine. Ermey akajipigia debe kwa njia yake: akarekodiwa kwenye video akiwatukana vijana waliokuja kufanyiwa majaribio, huku akirushiwa mipira ya tenisi na machungwa, naye asinyamaze, asirudie tusi, asipepese macho. Kubrick alipoiona akabadilisha uamuzi. Yule mwigizaji wa kwanza akapewa nafasi ya mpiga bunduki wa helikopta, yule anayefyatulia wakulima risasi mashambani huku akicheka. Yuko kwenye skrini dakika chache, lakini aliyemwona hamsahau.

Sehemu kubwa ya maneno ya Hartman yalitoka kinywani mwa Ermey mwenyewe, na hilo ni jambo la nadra kwa muongozaji aliyejulikana kwa kurudia tukio moja mara kadhaa wa kadhaa. Katikati ya kazi Ermey alipata ajali ya gari akavunjika mbavu, upigaji picha ukasimama kwa miezi. Mwaka 2002 kikosi cha Marine kilimpandisha cheo akiwa tayari mstaafu, kikampa kile cheo alichokuwa nacho Hartman kwenye filamu. Alifariki Aprili 2018.

Mafunzo yalikuwa ya kikatili kiasi hicho kweli?

Kelele, matusi, kuamshwa kwa vishindo, kukimbia kwa kuimba, kulala na bunduki kitandani wakati wa adhabu: waliopita kambi zile miaka ile huitambua picha hiyo mara moja. Kupiga makuruta kulikatazwa na kanuni. Kulikatazwa, na kulifanyika.

Hapa inafaa kujua historia kidogo. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, pale pale Parris Island, mkufunzi mmoja aliipeleka platuni yake gizani kwenye kijito cha Ribbon Creek ili kuiadhibu. Makuruta 6 walizama wakafa. Kesi yake ilitikisa nchi nzima, na baada yake usimamizi wa wakufunzi ukabanwa. Filamu inaonyesha kambi ya miaka kumi na kitu baadaye, wakati vita vinahitaji watu kwa wingi na muda wa mafunzo umefupishwa. Wiki nane za kumtoa kijana kwao na kumpeleka kwenye mapigano. Ukiiweka hesabu hiyo akilini, ukali wa Hartman unageuka kuwa kitu cha kutisha zaidi kuliko ubaya wa mtu mmoja, kwa sababu unaona kwamba anaamini anawaokoa.

Na katika baadhi ya mambo yuko sahihi! Kelele zake zinaposhindwa, anamkabidhi Pyle kwa Joker amfundishe, hata kufunga kamba za viatu. Anampa Joker uongozi wa kikosi kidogo kwa sababu Joker alikataa kusalimu amri mbele yake. Si mjinga. Filamu ingekuwa rahisi mno kama angekuwa mjinga.

Kwa nini makuruta wote wana majina ya ajabu?

Kwa sababu majina yao wamenyang'anywa. Tazama mwanzo wa filamu: hakuna mazungumzo, ni wimbo wa kumuaga mpenzi na mashine ya kunyolea. Sura moja baada ya nyingine, nywele zinaanguka, kila mmoja anatazama mahali pake. Picha ya mwisho ya tukio hilo ni rundo la nywele sakafuni, nyeusi, za kahawia na za dhahabu, zimechanganyika, huwezi tena kujua za nani ni zipi. Ukikata kutoka hapo, Hartman anatembea katikati ya vitanda akigawa majina.

Joker ni mcheza utani, kwa sababu alidiriki kutoa neno. Cowboy anatoka Texas. Kuruta mweusi anaitwa Snowball, mpira wa theluji, na dhihaka yake iko wazi. Lawrence, kijana mnene anayeshindwa kuficha tabasamu, anabatizwa Gomer Pyle. Mtazamaji wa Marekani alilielewa mara moja: ni jina la askari zuzu katika vichekesho vya televisheni vilivyorushwa kuanzia 1964 hadi 1969. Yaani kijana anapewa jukumu la mjinga siku ya kwanza, kisha anaadhibiwa wiki nane kwa kulitimiza.

Halafu kinakuja kitu ambacho watazamaji wengi hukipita haraka. Wakishanyang'anywa majina yao, wanaamriwa waipe bunduki jina. La mwanamke. Wanalala nayo, wanaiombea dua kitandani wakiwa wamenyooka kama maiti. Dua yenyewe si ya kubuni. Ni kiapo cha mpiga bunduki wa Marine kinachohusishwa na Meja Jenerali William Rupertus, kilichoandikwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bunduki ya Pyle inaitwa Charlene. Shika jina hilo, tutalirudia.

Pyle alichukuliwaje jeshini kama hawezi hata kupanda ukuta?

Filamu haielezi, lakini historia inatoa mwanga. Mwaka 1966 waziri wa ulinzi Robert McNamara alianzisha mpango wa kupokea vijana 100,000 kwa mwaka ambao hapo kabla wangekataliwa, wengi wao kwa sababu ya alama za chini katika mtihani wa kuingia jeshini. Hadi mpango unafungwa walikuwa wamechukuliwa zaidi ya 300,000, na kikosi cha Marine kilipokea sehemu yake. Ulitangazwa kama msaada kwa vijana maskini. Matokeo yake yalikuwa kuwapeleka vitani watu ambao jeshi lenyewe lilikuwa limeshasema hawafai.

Sisemi Pyle aliandikwa kwa kusudi hilo. Nasema tu kwamba mtu kama yeye, kambini kama ile, mwaka kama ule, si jambo la kushangaza.

Mwigizaji wake, Vincent D'Onofrio, alikuwa mwembamba. Aliongeza kilo 32 hivi kwa ajili ya kazi hii, akaumia goti akipiga picha za vizuizi vya mazoezi. Matthew Modine, anayeigiza Joker, ndiye rafiki aliyemshauri ajaribu bahati.

Kwa nini Joker naye anampiga Pyle, wakati ndiye aliyekuwa akimsaidia?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na nitalijibu polepole.

Yote yanaanzia kwenye donati. Katika ukaguzi, Hartman anakuta sanduku la Pyle halina kufuli lililofungwa, analifungua, na ndani kuna donati yenye jamu iliyoibwa bwaloni. Hamwadhibu Pyle. Anamsimamisha katikati ya bweni aile, huku platuni yote ikipiga pushapu kwa niaba yake. Tangu siku hiyo, kosa la Pyle ni jasho la wengine. Ni mbinu ya zamani ya kijeshi, na nguvu yake ni kwamba sajini hahitaji tena kunyoosha mkono.

Usiku wanakuja. Kila mmoja ana kipande cha sabuni amekifunga kwenye taulo. Wanne wanamkandamiza kwa blanketi, mmoja anamziba mdomo kwa kitambaa, wengine wanapita mmoja mmoja, pigo moja, wanarudi kitandani. Hakuna tusi, hakuna neno, sauti pekee ni ya sabuni ikitua tumboni na mlio wa Pyle uliozibwa. Joker anabaki nyuma. Cowboy anamhimiza kwa mnong'ono. Anasita. Halafu anapiga, na hapigi moja kama wengine: anapiga, anapiga tena, anaendelea, kwa nguvu kuliko wote. Kisha anapanda kitandani, Pyle anaanza kulia kwa sauti, na Joker anaziba masikio yake kwa mikono.

Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyebeba mzigo mzito kuliko wote. Alipewa amfundishe Pyle kutandika kitanda, kufunga kamba, kushika bunduki, na kwa muda Pyle akaanza kuelekea, akawa anamwita kwa jina na kumtegemea kama mtoto. Chuki ya wengine kwa Pyle ni ya misuli iliyochoka. Chuki ya Joker imechanganyika na huruma, na huruma ikichoka hupiga kwa hasira ambayo chuki tupu haina. Pia anapiga ili awe mmoja wao. Yote mawili yapo kwenye mkono ule ule, na filamu haikuchagulii.

Kwa nini Pyle anamuua Hartman lakini Joker anamwacha?

Kwa sababu Pyle si kichaa wa ovyo usiku ule. Ni kuruta aliyehitimu. Tangu kipigo, ametulia, ameacha kutabasamu, amegeuka mpiga shabaha hodari, na Hartman amemsifu. Joker peke yake ndiye aliyemsikia akizungumza na Charlene huku akimfuta, akamwambia Cowboy kwamba kuna jambo haliendi sawa, kisha likaishia hapo.

Kumbuka somo lingine, mchana, wakiwa wameketi nje. Hartman anawauliza kama wanajua Charles Whitman ni nani, na Lee Harvey Oswald. Wa kwanza aliua watu kwa bunduki kutoka mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, Agosti 1966. Wa pili ndiye aliyetajwa kumuua Rais Kennedy, 1963. Wote wawili walipita kikosi cha Marine, na sajini anajivunia shabaha zao. Ni ukweli wa historia, na umewekwa pale kwa makusudi. Pyle alikuwa anasikiliza.

Chooni, Hartman anafika na nguo za kulalia na kofia yake ya sajini kichwani, anafoka kama kawaida. Ndiyo lugha pekee aliyonayo. Anapigwa risasi moja ya kifua. Kisha bunduki inamgeukia Joker, Joker anamsihi kwa sauti ya chini, kwa jina lake la kweli, Leonard, na Pyle anaishusha. Joker aliwahi kumfundisha kufunga kamba za viatu. Nadhani ni hilo tu. Anaketi, anaweka mtutu mdomoni.

(Vyoo vile vya safu mbili zinazotazamana, kwa njia, ni ubunifu wa Kubrick. Kambini havikuwa hivyo.)

Ni kweli kwamba sehemu ya pili ni dhaifu?

Wengi husema hivyo, hata wahakiki walisema mwaka ule ule ilipotoka. Naelewa kwa nini. Kambini kila kitu kimenyooka: vitanda, vichwa, mistari, kamera inarudi nyuma taratibu mbele ya Hartman anapotembea. Una adui, una mhanga, una saa inayohesabu. Dakika 45 hivi baadaye wote wawili wamekufa, na filamu inabaki haina mtu wa kukuambia utazame wapi.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Vijana wametoka mahali ambapo kila hatua iliamriwa, wameingia mahali ambapo ramani imeshikwa vibaya na kiongozi wa kikosi anabadilika kila baada ya saa chache. Luteni anakufa. Anayemfuata anaokota mwanasesere wa sungura katikati ya kifusi, na sungura ana bomu. Cowboy anachukua uongozi bila kuutaka, na Animal Mother, mpiga bunduki nzito, anamkatalia amri waziwazi. Mtazamaji anayelalamika kwamba amepotea yuko mahali pale pale walipo wao.

Na kambi haijaisha. Isikilize. Kila wanapokwama, sauti zao zinarudi kwenye mdundo wa Hartman, matusi yake, mizaha yake. Yeye hayupo lakini hakuna anayezungumza lugha nyingine.

Kasoro ninayoikubali ni moja: watu wa Vietnam karibu hawana nafasi. Tunaona makahaba, mwizi wa kamera, maiti, na mdunguaji. Unaweza kusema ndivyo askari wale walivyowaona, na ni kweli, lakini ni upungufu ambao filamu inauhisi mwishoni tu.

Mapigano ya Hue yalikuwa nini hasa?

Tet ni mwaka mpya wa Kivietnam. Kulikuwa na desturi ya kusimamisha mapigano sikukuu hiyo. Mwishoni mwa Januari 1968 majeshi ya Vietnam Kaskazini na wapiganaji wa Viet Cong, waasi wa Kusini waliokuwa upande wa Kaskazini, walishambulia miji na kambi nyingi za Kusini kwa pamoja. Hue, mji mkuu wa zamani wa wafalme wa Vietnam, ulitekwa karibu wote, na kuurudisha kulichukua mpaka mwanzoni mwa Machi, nyumba kwa nyumba. Walikufa Wamarekani zaidi ya 200, askari wengi zaidi wa pande zote mbili za Vietnam, na raia kwa maelfu. Baadaye yalipatikana makaburi ya halaiki ya watu waliouawa mji ulipokuwa mikononi mwa Kaskazini. Lile shimo lenye maiti zilizonyunyiziwa chokaa, ambalo Joker analitazama, linatoka huko.

Hivi havikuwa vita vya msituni, na ndiyo maana filamu haina msitu.

Ilipigwa Vietnam?

La. Yote ilipigwa Uingereza. Kubrick aliishi huko na hakupenda kusafiri kwa ndege. Parris Island ni kambi ya jeshi ya Bassingbourn, Cambridgeshire. Hue ni Beckton, mashariki mwa London, kiwanda kikubwa cha gesi kilichokuwa kinasubiri kubomolewa. Majengo yake ya zege yalifanana na picha za Hue alizokuwa nazo, na kwa kuwa yangebomolewa hata hivyo, aliruhusiwa kuyalipua. Hakuna seti ya kujenga ambayo ingetoa vifusi vya namna ile, nondo zimepinda, kuta zimetoboka mpaka unaona ghorofa ya pili. Mitende ililetwa kutoka Hispania, na mimea ya plastiki kutoka Hong Kong.

Wenye jicho kali huona vitu viwili. Anga ni la kijivu mno kwa Vietnam, na helikopta ni za Kiingereza, aina ya Wessex, zilizopakwa rangi zifanane na za Marine. Anga la kijivu mimi silihesabu kosa: Hue ilipopiganiwa ilikuwa majira ya mvua na mawingu.

Kwa nini Joker ana beji ya amani kifuani na maneno ya kuua kwenye kofia?

Kanali anamuuliza swali hilo hilo kando ya shimo la maiti. Joker anajibu kwamba alitaka kusema kitu kuhusu mtu kuwa wawili ndani ya mmoja. Watu hulinukuu jibu hilo kama ufunguo wa filamu. Mimi naona ni jibu la kijana aliyesoma vitabu na anayejificha nyuma ya werevu wake, kama alivyojificha nyuma ya mzaha siku ya kwanza. Yale maneno ya kofiani hayajamgharimu kitu bado. Yatamgharimu muda si mrefu.

Ilishinda Oscar?

Hapana. Iliteuliwa kwa tuzo moja tu, ya skripti iliyotokana na kitabu. Ermey aliteuliwa Golden Globe. Filamu nyingine kubwa kuhusu Vietnam ilikuwa imetoka miezi sita kabla na kuzoa tuzo za mwaka huo, jambo ambalo halikuisaidia.

Inafaa kutazamwa na watoto?

Hapana. Matusi ni mazito na ya kibaguzi, kuna damu, kuna kijana anayejiua. Na kama wewe mwenyewe umempoteza mtu kwa njia hiyo, ujue tukio la chooni linaonyeshwa bila kufichwa.

Kwa nini mwishoni wanaimba wimbo wa watoto?

Usiku, mji unawaka, askari wanatembea kwa mistari mbele ya moto wakiimba wimbo wa kipindi cha televisheni cha Mickey Mouse. Kipindi hicho kilianza 1955. Fanya hesabu: askari wa miaka 19 au 20 mwaka 1968 alikuwa na miaka sita, saba, kinapoanza. Ni wimbo ambao wote waliujua kabla hawajajua chochote kingine kwa pamoja. Wengi huona kejeli. Mimi kila nikiusikia nawaona jinsi walivyo wadogo. Wimbo wa mwisho kambini walifundishwa na Hartman. Huu walikuja nao kutoka nyumbani, na ndio uliobaki.

Je, Joker alifanya kosa kumuua mdunguaji?

Tuanze na kinachotokea. Mdunguaji amewaangusha watatu: Eightball, kisha Doc Jay aliyemkimbilia, kisha Cowboy, aliyepigwa kupitia tundu la ukuta akiwa anazungumza kwenye redio. Risasi zinawapata wale wawili wa kwanza moja moja, mkono, mguu, ili kilio chao kiwavute wenzao. Joker anapanda ndani ya jengo, anamwona kwa nyuma, analenga, na bunduki inakwama. Mdunguaji anageuka. Ni msichana, mwenye nywele za mikia miwili, pengine hana miaka ishirini. Rafterman, mpiga picha aliyekuwa na shauku ya kuona vita, anampiga yeye.

Hafi upesi. Wanamzunguka. Anasali, kisha anasema kwa Kiingereza cha maneno mawili kwamba apigwe risasi. Animal Mother anataka aachwe aoze. Joker anasema hawawezi kumwacha hivi. Basi fanya, anaambiwa. Kamera inakaa usoni mwake, beji ya amani inapotea kivulini, sura inakunjamana, dakika inapita na zaidi, kisha bastola.

Ni huruma? Ndiyo, aliomba mwenyewe. Ni kisasi cha Cowboy? Ndiyo pia. Wenzake wanamsifu kwa mauaji magumu, na yeye hajibu. Mkono ni ule uliomfundisha Pyle na kumpiga kwa sabuni. Safari hii hana blanketi la kumfunika anayempiga, na hawezi kuziba masikio. Mara ya kwanza alisimama mbele ya mtu anayetaka kufa, chooni, hakuwa na la kufanya. Sasa ameombwa. Sijui mtu gani, akisimama pale, angetoka na jibu safi.

Msichana huyo anaitwa nani?

Haijulikani. Aliigizwa na Ngoc Le, na kwenye orodha ya waigizaji mhusika wake ameandikwa mdunguaji wa Viet Cong, basi. Kila bunduki pale kambini ilikuwa na jina la mwanamke. Mwanamke wa pekee tunayemwona akishika bunduki, hakuna aliyemuuliza lake.